Tairi la Tabita

Tunduma
11 Februari 1982

Baba mkwe wangu, Mzee Amoni,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na Mama Sekela, na kikohozi kiwe kimekuachia. Mimi sijambo. Mwanao Lusubilo ameandika kutoka Mlimba. Anasema kazi ya reli inamchosha, lakini kwenye picha aliyotuma amenenepa, sasa sijui nimwamini yeye au picha.

Baba, naandika kwa sababu siwezi kuja kukuuliza. Huu ni mwaka wa nne tangu niolewe na mwanao, na kama mila inavyotaka kwa mke wa mtoto na baba mkwe, sijawahi kukuona uso, wala wewe hujaniona. Kila Jumatano napanda huko na pikipiki ya hospitali kwenda kuchanja watoto. Nikifika chini ya uwanja wako nageuza uso upande wa bonde, kama mama yangu alivyonifunza. Mama Sekela ananiambia wewe nawe ukisikia mlio wangu unaacha kikombe cha chai mezani na kukimbilia ndani. Nisamehe kwa chai zote zilizopoa.

Shida yangu ni hii. Nimeanguka mara mbili, na zote ni kwenye kona hiyo ya chini ya nyumba yako, ile inayopinda kulia. Mara ya kwanza nilichubuka goti tu. Mara ya pili sanduku la barafu lilifunguka na chanjo ya surua ya vijiji vitatu ikaharibika. Msimamizi wetu akasema mbele ya wafanyakazi wote, "Sista Tabita, ukianguka mara ya tatu, pikipiki nampa karani. Wewe utasubiri lori." Lori lenyewe hupanda huko mara moja kwa mwezi, petroli ikipatikana, na barafu haiwezi kusubiri.

Lusubilo anasema ulikuwa bwana mifugo miaka kumi na tisa juu ya pikipiki na hukuanguka hata siku moja. Nifundishe, Baba. Nadhani ni tairi la nyuma, maana linateleza.

Mkweo,
Tabita


Isongole
17 Februari 1982

Mkwe wangu Tabita,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, na Mama anakusalimu. Anauliza kama goti limepona au unalificha.

Kwanza nisahihishe historia. Mume wako amekudanganya. Nilianguka mara saba, na moja ilikuwa kule Ivuna, kwenye tope la chumvi, mbele ya ng'ombe mia mbili waliokuwa wanasubiri sindano. Tangu siku ile hakuna ng'ombe aliyenipa heshima tena. Kwa hiyo usione aibu.

Sasa tuzungumze habari ya tairi. Watu wengi hudhani tairi zima ndilo linalotubeba. Sivyo. Panda pikipiki asubuhi kukiwa na umande, kisha shuka utazame chini: sehemu inayogusa ardhi haizidi kiganja cha mtoto. Wewe, sanduku lako na chanjo zote mmebebwa na viganja viwili vya mtoto. Kiganja cha nyuma kikikosa cha kushika, wote mtakwenda chini. Ndiyo maana namna tairi linavyolika ni jambo la kuchunguza kama wewe unavyochunguza ulimi wa mgonjwa.

Siwezi kuja kulitazama, kwa hiyo niletee mambo matatu. Moja, niambie unatembea lami kiasi gani na vumbi kiasi gani kwa wiki. Pili, nani anakujazia upepo, na anajaza kiasi gani. La tatu, chukua masizi ya sufuria, yakoroge na maji kidogo, paka tairi la nyuma, ulibiringishe juu ya karatasi kubwa huku umelilaza kulia, kisha kushoto. Nitumie karatasi hiyo.

Usiende mbio.

Baba mkwe wako,
Amoni


Tunduma
26 Februari 1982

Baba,

Shikamoo. Goti limepona kabisa, mwambie Mama sijalificha. Hapa mvua hainyamazi, na malori yamejipanga mpakani hadi karibu na zahanati yetu.

Karatasi yako imo humu. Ni nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nililibiringisha tairi uani, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waliacha kuugua wakaja kutazama. Bibi mmoja aliuliza kama ni dawa mpya.

Siku nne kwa wiki natembea lami, Tunduma hadi Vwawa na mara nyingine Mlowo, karibu kilometa themanini kwenda na kurudi, barabara imenyooka. Siku ya tano ndiyo ya kupanda huko kwenu. Upepo najaziwa na Bwana Ramadhan, msafirishaji wa Kitanga mwenye malori ya kwenda Zambia. Nilipouliza kiasi, kipimo kilisoma paundi arobaini na tano. Nikamwambia ni nyingi. Akacheka, "Dada, upepo ndio uhai wa tairi! Lori langu linakwenda Lusaka na kurudi, limejaa mpaka linalia." Nikamwambia mimi si lori. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Ni kweli, lakini ubishi wako una tani kumi."

Jumatano hii nilipita kona yako kwa mwendo wa konokono na miguu nje. Sikuanguka, lakini pikipiki ilizimika mara tatu mlimani na nikafika saa nane. Akina mama wawili walikuwa wamechoka kusubiri wakaondoka na watoto wao. Hilo liliniuma kuliko goti.

Mkweo,
Tabita


Isongole
7 Machi 1982

Mkwe wangu,

Marahaba sana. Karatasi yako nimeibandika ukutani. Mama alipoiona akauliza, "Huyu mtoto anatuma picha ya barabara?" Nikamwambia ni ugonjwa wenyewe uliochorwa, akasogea kutazama vizuri.

Tazama nami. Katikati ya tairi kuna utepe mpana mweusi mtupu, hauna hata mfereji mmoja. Pembeni maua ya tairi bado yamesimama. Maana yake ni kwamba tairi lako lilizaliwa mviringo na sasa lina pande. Bwana Ramadhan amelijaza likavimba katikati kama tumbo la aliyekula harusini, na lami iliyonyooka imelipiga pasi tumbo hilo siku nne kila wiki.

Kwa nini hilo likuangushe? Chukua chungwa na kiberiti, uviweke mezani. Lisukume chungwa kidogo: linalala taratibu, upande wowote. Kisimamishe kiberiti kwa ubavu na ukisukume: hakitikisiki, hakitikisiki, halafu puu! kimeanguka. Tairi lako ni kiberiti. Ukiilaza pikipiki kwenye kona, kwanza inakataa, kisha inaporomoka ghafla kutoka kwenye bapa kwenda ukingoni. Na bapa hilo lisilo na mifereji halina pa kutolea maji wala tope.

Ushauri wangu: upepo wa nyuma usizidi paundi thelathini, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Na utafute tairi jingine. Najua hazipatikani. Nilifurahi nilipokumbuka kwamba ghalani nina tairi jipya kabisa, nimelitundika tangu 1969, halijagusa barabara. Nikaliteremsha, nikalipiga ukucha. Ukucha haukuingia! Mpira umekauka ukawa kama kwato. Tairi huzeeka hata likiwa limelala, na mpira mgumu hauwezi kushika jiwe lenye maji. Linapendeza, lakini sitakupa. Kuku wa Mama watatagia humo.

Ukipata jipya, kilometa mia za kwanza uende kwa upole. Huwa lina utelezi wa kiwandani, mpaka ngozi yake ikwaruzike.

Baba mkwe wako,
Amoni


Tunduma
2 Aprili 1982

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Nilitaka niandike nikiwa na habari njema, na njema ninayo, lakini nyuma yake kuna mbaya.

Njema ni kwamba nimepata tairi! Nilimwonyesha Bwana Ramadhan chungwa na kiberiti juu ya meza ya sindano. Alijaribu mara nne, kisha akasema, "Huyo mzee wako angekuwa fundi wangu." Wiki iliyofuata alirudi kutoka Zambia na tairi begani. Nikamwambia siwezi kulipokea. Akasema, "Mke wangu Stumai alijifungua mikononi mwako usiku ule wa mvua, mama na mtoto wazima. Hili ni la mwanangu, anakuazima." Basi nimeazimwa tairi na mtoto wa miezi mitano.

Nimefanya yote uliyosema. Paundi thelathini, asubuhi, baridi. Kilometa mia za upole. Kona zote za kupanda sasa nazipita kama naimba, Baba, pikipiki inalala yenyewe na kuinuka yenyewe.

Isipokuwa yako. Juzi Jumatano, kwenye kona ile ile, tairi jipya, barabara kavu, pikipiki ikanyooka ikaenda ukingoni mwa bonde. Ilisimama kwenye majani, hatua mbili kabla ya mteremko. Hakuna aliyeniona. Sijamwambia msimamizi. Nilikaa pale chini mpaka barafu ikaanza kunidondokea mguuni.

Tairi si sababu tena. Labda ni mimi. Nafikiri mwisho wa mwezi niirudishe pikipiki mwenyewe kabla sijaharibu chanjo nyingine, au kabla Lusubilo hajaletewa habari asizozitaka. Ninachoogopa ni wale watoto wa juu. Karani hajui kuchanja.

Mkweo,
Tabita


Isongole
15 Aprili 1982

Mwanangu Tabita,

Marahaba. Usiirudishe pikipiki. Soma kwanza barua hii hadi mwisho.

Jana ulipopita nilikuwa ndani kama kawaida. Mlio wako ulipopotea mlimani nilichukua fimbo nikashuka barabarani. Udongo ulikuwa na unyevu mzuri. Sura yako siijui, lakini alama ya tairi lako sasa naijua kuliko mwandiko wako. Nikaanzia kona ya kwanza, kule mtoni. Alama yako inaingia kwa nje, inakata ndani, inatoka safi. Ningekuwa bado kazini ningewaita vijana waje wajifunze. Kona ya pili vivyo hivyo.

Nikafika kwenye yangu. Umeingia vizuri kabisa. Umeanza kulala kulia, kama chungwa. Halafu katikati alama inanyooka ghafla na kuelekea bondeni, kama mtu aliyeitwa na sauti. Nikasimama juu ya mahali hapo hapo, nikainua kichwa nione kuna nini.

Niliona mlango wangu.

Mwanangu, nimekuandikia kurasa na kurasa juu ya mpira, nikasahau jambo la kwanza nililofundishwa mimi mwenyewe: pikipiki huenda yanakokwenda macho. Ulikuwa umeniambia tangu barua ya kwanza. Ukifika hapo unageuza uso upande wa bonde, kwa heshima yangu. Na pikipiki, kwa utii wake, inakufuata. Ukishuka kurudi unakwenda taratibu, ndiyo maana haikudhuru.

Nilipomweleza Mama aliweka mwiko chini. "Kumbe ni wewe unayemwangusha mtoto wa watu! Na mimi nimemlaumu Bwana Ramadhan wa Tanga bure." Ndugu yangu Sadoki amekasirika. Amesema, "Mkwe akutazame usoni! Kesho atakuita kwa jina." Nikamjibu, "Aniite, lakini akiwa na meno yake yote." Ameondoka bila kumaliza pombe yake, jambo ambalo si la kawaida.

Mila hii nimeishika tangu ujana na sijutii. Iliwekwa ili mke wa mtoto akae kwa amani katika nyumba ya mumewe. Sasa inamtupa bondeni na chanjo za watoto mgongoni. Hiyo siyo kazi iliyopewa.

Jumatano ijayo sitaingia ndani. Nitasimama barabarani, pale kona inapoishia, nimevaa kofia yangu nyeupe ya kazini. Ukiingia kwenye kona usitazame bonde, wala usitazame tairi. Nitazame mimi, mpaka unifikie.

Baba yako,
Amoni


Tunduma
22 Aprili 1982

Baba,

Shikamoo. Nimekuandikia neno hilo kwa miaka minne, na jana ndiyo mara ya kwanza nimelisema kwa mdomo. Uliitikia kwa sauti ndogo sana. Kutokana na barua zako nilitarajia ngurumo.

Kona ya mtoni niliipita vizuri. Kwenye kona yako shingo yangu ilitaka kwenda bondeni yenyewe, imezoea. Nikaiona kofia. Sikuiacha. Pikipiki ikalala, ikazunguka, ikainuka, na nilipokuja kufahamu nilikuwa nimesimama mbele yako na injini bado inanguruma, wewe unatazama tairi langu badala ya uso wangu. Nilidhani unaona haya, mpaka ulipoinama ukalipiga ukucha.

Chanjo zote zilifika, na barafu haikuyeyuka. Nimechanja watoto thelathini na wanane, na wale akina mama wawili walikuwemo.

Nimemwandikia Lusubilo kwamba hatimaye nimejua masikio yake makubwa aliyatoa wapi.

Jumatano usisimame tena barabarani, miguu itakuuma. Nimeshajua pa kutazama. Kaa barazani na chai yako, nami nikishaimaliza kona nitazima injini. Mwambie Mama aongeze kikombe.

Mwanao,
Tabita