Nimechemsha Asali ya Dada

Jumatatu, 16 Machi. Ramadhani ya ishirini na sita. Asubuhi ukungu, digrii ishirini na mbili, kuta za chumba zinatoka jasho kama kawaida ya Guangzhou mwezi huu. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi.

Siwezi kukaa chini. Nimefagia mara mbili.

Chupa ya asali ililetwa jana na mteja Mkongomani anayeishi mji mmoja na dada Zuhura huko Kanada. Aliivisha soksi mbili ili isivunjike kwenye ndege. Ndani ya mfuko kulikuwa na barua pia. Chupa niliitoa. Barua niliiacha palepale.

Niliogopa. Mama alipougua, dada alipanda ndege kutoka Kanada akaenda kumwuguza. Mimi nilibaki huku kusubiri mzigo wa wateja ukamilike, nikafika Dar siku ya tatu baada ya maziko. Tangu hapo, miaka miwili sasa, tunatumiana salamu za Idi tu.

Huko Kanada, baridi ikielekea kuisha, watu hutoboa miti ya meipo na kukinga utomvu wake kwa ndoo, kisha huuchemsha mpaka uwe mzito kama asali. Nimemwona dada kwenye picha, koti kubwa, moshi umemfunika nusu. Sikuwahi kumwuliza lolote.

Leo kwenye soko la viatu la Zhanxi nimemwagizia mteja sandali saizi siyo. Laoban wangu, mwenye duka, ameniuliza mara tatu kama nina uhakika. Saa tisa nikaacha kila kitu, nikarudi kuumua unga wa kaimati.

Kwetu kaimati haziendi bila shira, na shira huchemshwa mpaka ivute uzi kati ya vidole. Basi nikaimimina ile asali sufuriani, nikatia iliki, nikawasha moto. Uzi ulivuta vizuri. Nikakaanga kaimati, nikazitumbukiza, nikajisifu.

Tulipokaa kufuturu zilikuwa zimeganda bonge moja, zimefanya gamba gumu la sukari. Da Rukia, Mzanzibari ninayeishi naye, akabandua moja, akaigonga kwenye sahani.

"Mwenzangu, hizi kaimati au kokoto? Meno yangu ya kulia haya, si ya kubangulia korosho."

"Ni asali ya dada."

"Dada kakuletea asali, wewe umeifanya mawe!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikaenda jikoni, nikafungua barua.

Mistari michache tu. "Mdogo wangu, hii usiichemshe tena, imeshachemka kutwa nzima. Ndoo arobaini zimetoa moja. Mama alikuwa akisema shira ni ya kwako, mimi jikoni sijui kitu. Onja, uniambie kama nami nimejua."

Hakuna neno hata moja la maziko.

Chini ya chupa kilibaki kama kijiko kimoja. Nimekilamba kwa kidole. Utamu wa gubiti, na moshi wa kuni kwa mbali.

Ningeweza kumwandikia kwamba kaimati zilikuwa nzuri mno. Angefurahi, na tungerudi kwenye salamu zetu za Idi. Nimefuta kuta. Nimekaa, nimesimama, nimezifuta tena.

Saa nne usiku, kwake saa nne asubuhi, nikamrekodia sauti. "Dada, nimeichemsha. Sikusoma barua kwanza, niliogopa utakachoniambia. Kimebaki kijiko kimoja. Umejua kupika."

Dakika ishirini nimekwenda mlangoni na kurudi. Da Rukia kaniambia niache kuzunguka, namtia kizunguzungu.

Kisha simu ikaita. Hata salamu hakutoa.

"Uliogopa nini, wewe?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia ule mzigo mpaka kokoto za Da Rukia. Akalia, nikalia, halafu akaniuliza kokoto zimebaki ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akasema nisizitupe, nizitie kwenye chai.

Nazima taa saa saba na dakika arobaini. Kengele ya daku nimeiweka saa kumi.