Nilibatizwa Kabla ya Kuzaliwa

12 Mei

Dada, shikamoo.

Cheti changu cha ubatizo kilipotea mwezi wa tatu, tulipohamisha karakana. Mengine hayajambo, na natumaini mgongo unakuacha ulale. Naandika kwa sababu kwenye simu ukibanwa unakata.

Nimekwenda parokiani kuomba nakala, katibu akanifungulia daftari la zamani. Nyumbani mlinifundisha kwamba nilizaliwa Juni 1972. Daftari limeandika jina langu tarehe 20 Agosti 1971. Yaani nilibatizwa miezi kumi kabla ya kuzaliwa. Mimi napima madirisha, dada. Nikikosea sentimita moja kioo hakiingii, na hiki hakiingii.

Nieleze.

Mdogo wako, fundi

21 Mei

Mdogo wangu, marahaba. Mgongo uko palepale, tumeshazoeana. Nisalimie wanao.

Makatibu wa zamani waliandika huku wanasinzia. Huenda huyo ni mtoto mwingine mwenye jina lako; majina ya watakatifu hayana mwenyewe. Unatafuta nini huko? Umejijenga mwenyewe, una watu kumi na mmoja chini yako. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Mama mdogo amelazwa tangu Jumapili. Kila nikimpelekea uji anauliza kama umeandika. Usije lakini, daktari hataki wageni.

Dada yako

4 Juni

Dada, shikamoo. Pole na mgongo.

Nimerudi parokiani. Nilikosea, nawe ukaniacha nikosee. Ile 20 Agosti si siku ya ubatizo. Katibu amenisomea safu kwa safu: siku ile padri alinipaka mafuta tu, wenyewe wanaita kukamilisha. Maji nilikuwa nimeshamwagiwa nyumbani, 9 Juni 1971. "Ubatizo wa dharura. Mtoto wa siku moja, hatari ya kufa." Safu ya aliyebatiza ina jina lako. Kwa hiyo huyo mtoto mwingine ulimbatiza wewe, ukiwa na miaka kumi na mitano, na hujawahi kulitaja. Wewe, ambaye mpaka leo unanitajia kikombe nilichovunja darasa la pili.

Nikafunua ukurasa wa nyuma. Kaka yetu alizaliwa 2 Januari mwaka huohuo. Kati yake na mimi ni miezi mitano na siku sita. Marehemu mama alikuwa mchapakazi, lakini si kiasi hicho.

Kwa Kaka, safu ya mama ina jina. Kwangu kuna mstari.

Tangu hapo nahesabu. Mama mdogo alinitumia sare ya shule miaka saba mfululizo. Kaka hakupata hata soksi. Nilidhani ni kwa kuwa mimi kitinda mimba.

Jana nilipiga simu wodini. Muuguzi anasema wageni wanaruhusiwa, na kwamba atapasuliwa Ijumaa saa nne asubuhi. Hilo la upasuaji hukuniambia. Saa mbili nitakuwa kando ya kitanda chake, na sitaki kuingia mikono mitupu.

Dereva aliyekuletea barua hii nimemwambia asiondoke bila jibu. Neno moja linatosha, hata nyuma ya karatasi hii. Nikifika nimwite Mama mdogo, au Mama? Nalitaka mkononi Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.

Uliyemmwagia maji