Baba Zuhura Aingia Mjadala

Jumamosi, Kisauni, 1961

Leo nimejing'ata ulimi, na nafurahi.

Mzee Salim alikuja klabu ya wasichana kumtoa bintiye Zuhura. Kaambiwa nawafundisha dansi. Niliogopa: akitoka mmoja, wengine watafuata, na klabu itakufa.

Majibu nilikuwa nayo tele. Lakini kila wiki nawahimiza wasichana wajisemee wenyewe. Nikimsemea Zuhura, basi nimewafunza nini?

Zuhura, ambaye hajapata kusema mbele ya wenziwe, aliinuka.

"Shikamoo, baba. Leo twajadili kama yafaa mke afanye kazi. Kaa usikilize, kisha ukitaka, twende zetu."

Akakaa. Punde uvumilivu ukamshinda. "Na nyumba ataiangalia nani?"

"Huyo huyo mama, baba, anayeshona kofia akauza, na chakula chako hakijachelewa hata siku moja."

Wasichana wakapiga vigelegele. Mimi nikatazama chini, nikingoja ghadhabu...

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. "Wallahi, mtoto kanishinda!"

Akaondoka peke yake, Zuhura akabaki. Mlangoni mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wiki ijayo mwajadili nini? Nataka nijitayarishe."