Msichana Aliyerudi kwa Majoka

Chrispin, leo nimeumbuka mbele ya padri.

Binti yangu Loveness ametunga hadithi. Msichana wa hapa Mkunya anavaa miwani ya mchezo wa kompyuta, ananaswa ndani ya mchezo huo wenye majoka. Nikajidai, nikamwambia awasomee padri na wageni waliokuja kwetu kunywa chai baada ya misa.

Mwishoni mwa hadithi mlango wa kurudi nyumbani ukafunguka. Msichana akauliza, "Korosho zimekwisha kuokotwa?"

Akajibiwa, "Bado. Baba yako anakusubiri."

Akarudi kwa majoka!

Kwa majoka, Chrispin!

Padri alicheka mpaka akamwaga chai. Mke wangu naye!

Nikamwuliza mtoto, "Kwa hiyo mimi mbaya kuliko joka?"

"Hapana, baba. Ila joka hupumzika Jumapili."

Na ndoo za kwenda shambani kuokotea korosho leo hiihii nilishazipanga mlangoni, wageni wote wanaziona.