Kaboni Mwenye Mikono Minne

Mwaka mzima umekatika, Mwalimu, tangu ututoke, na bado mlango ukigongwa kwa fujo watoto wako wanashtuka na kuficha simu.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Wanafunzi walikupa jina la Valensi, na walikuogopa mpaka wakafaulu. Hakuna aliyefundisha atomu kama wewe. Ulisimama mbele ya ubao ukanyoosha mikono, ukasema kila atomu ina mikono yake ya kushikia wenzake, na idadi ya mikono hiyo ndiyo valensi: oksijeni miwili, haidrojeni mmoja tu, masikini, na kaboni minne. Hata mimi mkeo, mshona mapazia, nilielewa.

Ubaya ni kwamba kazi uliileta nyumbani. Juu ya kabati la sebuleni uliweka molekuli ya vijiti na mipira, mweusi katikati na minne myeupe kuuzunguka. Mweusi ni wewe. Myeupe ni mimi na watoto wetu watatu. Wageni walipouliza, ulijibu kwa raha zako, "Hii ni methani, ndiyo familia yangu. Tazama vizuri. Hawa wanne kila mmoja ana mkono mmoja, na wote wamenishika mimi. Wao kwa wao hawashikani."

Haukuwa utani. Kaka akitaka kumsaidia dada yake, sharti apitie kwako. Mimi nikitaka kumwambia binti yangu amependeza, nilisubiri utoke. Aliyekuudhi ulimng'olea mpira wake ukautia mfukoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka uurudishe. Tulikula kimya huku tukiangalia kabati.

Kitinda mimba wetu alipoolewa na fundi magari bila kukuomba ruhusa, mpira wake uliutupa chooni. Nilipiga magoti. "Baba watoto, huyo nimemzaa mimi." Ukajibu huku unakoroga chai, "Ulimzaa. Mimi nimemfuta." Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: mtoto yule aingie tena kwa mlango wa mbele, na wewe umpokee.

Kaka yake akaenda kumwona, ukamng'oa. Dada yao akampigia simu, ukamng'oa. Mimi nikaenda kumpokea mjukuu, nikarudi nikakuta nguo zangu barazani. Valensi mzima ukasahau somo lako mwenyewe, kwamba haidrojeni ikiachwa haikai peke yake, hushikana na mwenzake papo hapo. Tulijazana katika vyumba viwili vya fundi magari, tukagombania bafu, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Wewe ukabaki kaboni mtupu. Masizi nayo ni kaboni.

Ulipougua, jirani yako alituita. Tuliingia sote kwa mlango wa mbele, kitinda mimba akitangulia, na moyo wangu ukaniambia nimekipata nilichokitaka. Alikuinua kichwa, akakutilia kijiko cha maji mdomoni. Uliyatema kwenye gauni lake. Ukamwangalia, ukasema, "Nani kamruhusu huyu?"

Hukusema neno jingine. Asubuhi yeye ndiye aliyekufumba macho. Hakulia. Mpaka leo hajamwita mtu yeyote baba. Baba mkwe wake ni mzee mpole anayempenda, lakini yeye humwita mzee tu, na tunajua ni kwa nini.

Unakumbukwa na mkeo, asiyekusamehe neno lile; mwanao wa kwanza; binti yako wa pili; kitinda mimba, aliyetaka awekwe kwenye tangazo hili upende usipende; mkweo fundi magari, aliyebeba jeneza lako upande wa kichwani kwa kuwa wabebaji walikuwa wachache; na mjukuu uliyekataa kumwona, ambaye kachukua pua yako, masikini.

Siku zote tutakukumbuka, Mwalimu. Tumejaribu kukusahau, imeshindikana.