Santuri Iliyotafutwa Chini ya Kitanda Changu

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Bahati tuko wazima, na mahindi ya baba yako yamebeba vizuri. Umeniuliza kama ni Wazungu walionifundisha kulaza gitaa mapajani. Swali hilo limenichemsha damu!

Nilikuwa msichana, napiga pasi nyumbani kwa Mzungu mwenye shamba. Alikuwa na santuri moja ambayo gitaa lake lililia kama mtu. Nikachukua gitaa la kaka yangu, nikainua nyuzi kwa kijiti, nikawa natelezesha mgongo wa kisu juu yake. Kwa miezi mingi nilikwaruza tu, mpaka Jumapili moja likalia.

Mara yule Mzungu akaupiga teke mlango wa kibanda chetu. "Wewe mwizi! Santuri yangu iko wapi?"

Alipindua godoro, akamwaga unga wetu, na gitaa liko mapajani mwangu!

"Ni mimi napiga, Bwana," nikamwambia, nikapiga tena mbele ya macho yake. Aliitazama mikono yangu mpaka mwisho. Kisha akainama kuchungulia chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo sijampigia mtu gitaa ili aniamini. Napiga kwa sababu linalia.

Nyanya yako, bado na hasira