Mjeledi wa Mtu Asiyepanda Farasi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimejipiga sikio tena. Mara ya tatu tangu tumzike mke wangu, Ailsa. Mjeledi wake hauna kosa, mimi ndiye nisiye na mkono wa kuupiga. Ng'ombe waliinua vichwa, wakaniangalia, wakaendelea kula. Yeye alikuwa akiupiga mara moja tu, juu ya farasi, na wote sitini na mmoja wanavuka kijito kama watoto wa shule.

Mervyn, kaka yake, alikuwa ameegemea uzio.

"Shemeji, gonga sufuria. Umewapikia wachungaji miaka ishirini, labda na ng'ombe watakuja kula."

Kisha akaacha mzaha, akasema mvua kubwa zikiwakuta ng'ombe bondeni, watakufa maji. Nisipowavusha kijito kwenda mwinukoni kufikia Jumamosi, atawachukua yeye kwake, mimi nikaishi mjini kwa dada yangu. Hana ubaya. Anaogopa tu, na ana haki.

Lakini mjini nitafanya nini mimi?

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa mzee Haddow, msuka mijeledi. Nilimpelekea ule wa Ailsa, nikamwambia anisukie kama huo, ila mzito zaidi. Nilidhani uzito utanisaidia.

Ukutani nikauona mwingine mweusi, unang'aa, nikaushika. Akaniambia niurudishe, huo ni wa watalii: rangi imeficha ngozi mbovu, na ndani hauna kiini. Akanifundisha kuupima mjeledi kwa kuukunja karibu na mpini. Mzuri unapinda taratibu kama shingo ya bata, hauvunjiki pahala pamoja. Nyuzi za ngozi ya kangaruu, kumi na mbili, zimebanana hata kucha haipenyi.

Halafu akanitoa uani, akaniambia nifumbe macho. Yeye hamuuzii mtu anayechagua kwa macho. Akanipa mmoja, wa pili, wa tatu. Wa tatu sikuuhisi kabisa, kana kwamba mkono wangu umeongezeka tu. Futi sita! Wa Ailsa ni kumi. Nikasema huu ni wa mtoto.

"Ni wa mtu anayesimama chini," akasema. "Mkeo alikuwa mrefu, tena juu ya farasi. Wewe mfupi, na nyonga yako hairuhusu kupanda. Tena huu wake umeshakunjika kwa mkono wake, wewe unaukunja kinyume. Hujashindwa kitu, ndugu yangu. Ulikuwa unapigana na mjeledi wa mtu mwingine."

Nikaenda kuangalia matandiko ya farasi kwa muda. Hakunifuata. Mtu mwema.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeupaka wa Ailsa mafuta ya kondoo, uzi kwa uzi. Yeye alikuwa akifanya hivyo Jumapili, kibarazani, ncha ya ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nimeuning'iniza. Sijausikitikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Mjeledi wangu mpya wa futi sita umelia! Kuku wamekimbilia chini ya tangi. Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Masikio yote mazima.

Jumamosi, 8 Novemba, kijitoni

Wingu limekaa juu ya vilima tangu asubuhi. Nimepiga mara moja. Vichwa vyote vikainuka. Farasi wa Mervyn akaruka pembeni, nusura amwangushe, na Mervyn hakutukana.

Ng'ombe wakashuka polepole mpaka ukingoni. Hapo wakasimama. Wamesimama bado.

Mervyn amekuja karibu, amevua kofia. "Piga tena, shemeji," amesema. Safari hii hakunitania, ameniomba.

Nimemwambia tungoje. Ailsa hakuwahi kupiga mara mbili, aliwaachia wafikiri. Kwa hiyo nimekaa juu ya jiwe, mjeledi magotini, naandika ili mkono usinishinde. Mervyn amekaa pia.

Yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja ananusa maji. Ameingiza mguu. Ameutoa. Ananitazama mimi, si Mervyn, anaurudisha mguu majini, na wengine wanamfuata—